Bonde la Mwisho

Saluni ya kinyozi yule ilikuwa na viti viwili na kioo kimoja kirefu, na ukiingia mara ya kwanza ungedhani nusu ya kioo imechafuliwa na watoto. Upande wa kushoto, mbele ya kiti kizima, kioo kilikuwa safi, na hapo ndipo wateja walipojitazama wakinyolewa. Upande wa kulia, mbele ya kiti kibovu kilichogoma kupanda wala kushuka, kulikuwa na vijiti vyeupe vilivyochorwa kwa kipande cha sabuni, vingine virefu, vingine vifupi, vikipanda mdogo mdogo kuelekea dari. Hiyo ilikuwa chati ya bei ya dhahabu. Kila kijiti kilikuwa siku moja, na watu wa biashara hiyo hukiita mshumaa, maana kina mwili na kina utambi. Ndiyo sababu mtaa mzima ulimwita kinyozi yule Mishumaa, hata wale wasiojua jina lilikotoka. Kuna mama aliwahi kuja kuulizia bei ya jumla siku umeme ulipokatika.

Mishumaa hakuwa na dhahabu hata ya jino. Alinunua na kuuza ile ya kwenye simu, ambayo hakuna anayeishika, kupitia dalali wa mtandaoni anayemruhusu mtu kununua mara nyingi kuliko alichonacho mfukoni. Bei ikipanda kidogo, mfuko unavimba. Ikijikwaa kidogo, mfuko unaanguka chali. Yeye alishaanguka chali mara moja, zamani, akabaki na mashine ya kunyolea na suruali mbili. Tangu hapo alijiwekea sheria, akaiandika juu kabisa ya kioo, tena kwa rangi ya mafuta, si kwa sabuni: BONDE LA MWISHO LIKIVUNJWA, TOKA. USIULIZE.

Maana ya bonde aliieleza kwa kila kichwa kilichoingia mikononi mwake. Mteja ukishafungwa shuka shingoni na nusu ya nywele iko sakafuni, utakimbilia wapi?

"Bei haipandi kama lifti, kaka," alimwambia siku moja fundi wa kuchomelea vyuma, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. "Inapanda, inapumua, inapanda tena. Pale inapogeuka kushuka ni kilele. Pale inapogeuka kupanda ni bonde. Kila kilele kikikipita cha nyuma yake, na kila bonde likibaki juu ya la nyuma yake, huo ndio mwelekeo wa kupanda. Unanunua, unakaa."

"Na nitajuaje kwamba hili ni bonde, si bei imeteleza tu?"

"Majirani. Mshumaa wa bonde lazima utambi wake ushuke chini kuliko wa wenzake wawili wa kushoto na wawili wa kulia. Wa kushoto unao tayari. Wa kulia ndio unaosubiri."

"Hata mimi nasubiri upande wa kulia," akasema fundi, akigusa nusu ya kichwa ambayo haijanyolewa. "Wa kushoto ninao tayari."

Kwa muda mrefu Mishumaa aliifuata sheria yake kama askari. Bonde likivunjwa, anatoka. Alikosea mara nyingi, ila alikosea kidogo kidogo, na mwisho wa mwezi akabaki na cha kununulia poda na spiriti. Angeendelea hivyo hadi leo kama dada yake asingestaafu.

Dada yake mkubwa ndiye aliyemlea. Wazazi wao walipofariki yeye alikuwa msichana tu, akaacha shule, akaajiriwa kufua mashuka ya hospitali, na huko ndiko alikozeekea. Chakula, ada, mashine ya kwanza ya kunyolea, vyote vilitoka kwenye mikono ile iliyokunjamana kwa maji. Hakuolewa. Wakimuuliza, alisema ana mtoto tayari inamtosha, akimwonyesha mdogo wake mwenye ndevu. Alipopewa kiinua mgongo, alikuwa na hamu moja tu maishani, kulala kwenye nyumba ambayo hakuna mtu wa kumgongea mlango kudai kodi. Akaipata nyumba ndogo inayouzwa, vyumba viwili na sebule, na sebule ile ilikuwa na dirisha refu linaloanzia karibu na sakafu. Alilipenda dirisha kuliko nyumba. Tatizo ni kwamba kiinua mgongo kilipungua kidogo.

Hicho kidogo ndicho kilichomponza Mishumaa. Mwenye nyumba alikubali kungoja miezi michache, na kinyozi, kwa mapenzi matupu, akasema yeye atakijaza kwa kukitia kiinua mgongo chote kwenye ile dhahabu ya simu. Alimketisha dada kwenye kiti kibovu, mbele ya chati, akamwonyesha mabonde yalivyokuwa yakipanda moja juu ya lingine. Kisha akachora mstari wa kulala chini ya bonde la mwisho.

"Huu ni mlango wetu wa kutokea, dada. Siku bei ikifunga, yaani ikimaliza siku, chini ya huu mstari, tunatoka hapo hapo. Tutakuwa tumepoteza kidogo sana, na nyumba utaipata tu, labda kwa kuchelewa."

Dada alijitazama. Kutoka kwenye kiti kile, mstari ulipita katikati ya paji la uso wake kiooni.

"Mlango uko kwenye paji la uso wangu," akasema, akacheka. "Basi siwezi kuusahau."

Kuanzia siku hiyo dada akawa mtu wa saluni. Kila alasiri alikuja, akakaa kwenye kiti chake kibovu, akashona au akapiga soga na wateja. Vijana walimwamkia shikamoo mama, naye akawajibu marahaba, kisha akawaeleza habari za vilele kana kwamba amezaliwa navyo. Bei ilipanda wiki ya kwanza. Mfuko ukavimba. Mishumaa akaanza kunyoa huku akipiga mluzi, na watu wakatoka mle na nywele zilizokatwa vizuri kuliko walivyolipia.

Halafu ikashuka. Asubuhi moja, kabla ya mteja wa kwanza, alichora mshumaa wa jana kama kawaida yake, na mkono ukapita chini ya mstari. Hapakuwa na ubishi. Bei ilikuwa imefunga chini ya bonde la mwisho, na bonde lile lilikuwa na majirani zake wawili huku na wawili kule, kihalali kabisa. Akatoa simu mfukoni. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutokea, na hasara ilikuwa ndogo, vile vile alivyoahidi.

Mlango ukafunguliwa, dada akaingia na furushi la kitambaa.

"Shika huku," akasema, hata salamu hakungoja. "Panda juu ya kiti, nilione likining'inia."

Kilikuwa kitambaa cha pazia, cha majani ya kijani, kirefu kuliko mtu. Mishumaa akapanda, akakiinua hadi darini, na bado upindo ukafika sakafuni.

"Si refu mno hili?"

"Dirisha ni refu, mdogo wangu. Nimelipima mwenyewe, mara mbili." Akarudi nyuma kidogo, akakitazama kitambaa, na uso wake ukawa uso ambao Mishumaa hakuwahi kuuona tangu azaliwe. Alikuwa amemwona dada amechoka, amekasirika, amecheka, amelia. Hajawahi kumwona ametulia.

Simu ikarudi mfukoni. Hapo ndipo palipoharibika, na simtetei.

Dada alipoondoka, kinyozi alikaa kwenye kiti kizima akaanza kufikiri, na kufikiri kwenyewe kulikuwa kwa kujitafutia njia. Lile bonde, alijiambia, lilikuwa na majirani wawili wawili tu. Wawili ni wachache. Bonde la kweli lingekuwa na watatu kila upande. Akahesabu upya kwa watatu, na kweli, lile bonde likaacha kuwa bonde. Bonde la mwisho sasa likawa lile la nyuma yake, lililo chini zaidi, na hilo halijaguswa. Kwa hiyo mwelekeo ulikuwa hai. Kwa hiyo hakuna sheria iliyovunjwa. Akafuta mstari kwa taulo, akauchora upya chini ya bonde la zamani.

Alasiri dada alikaa, akashika sindano, akainua macho.

"Mbona leo mstari uko kwenye pua?"

Mishumaa alikuwa na kichwa cha mtu mkononi. Angeweza kusema hapo hapo, yakaisha.

"Ni kiti, dada. Nilikitia mafuta jana. Nadhani kimeanza kupanda."

"Kimepanda hiki?" Dada akajitikisa juu ya kiti kama mtu anayepima godoro. "Ndiyo maana nimeona miguu inaning'inia. Mungu akubariki, kiuno kilikuwa kinaniuma."

Ungemwona kinyozi wakati huo ungemhurumia, ingawa hastahili. Alimkata mteja sikio, kidogo tu, akaomba radhi mara tatu.

Bei haikuwa na haraka, na hilo ndilo lililokuwa baya. Ingeanguka kwa kishindo, dalali angemfungia biashara mwenyewe kabla mfuko haujakauka, mambo yakajulikana. Lakini ilishuka hatua, ikapumua, ikashuka tena, kila mara ikimwachia kijipenyo cha tumaini kisichopitisha mtu. Vilele vilikuwa vikishuka na mabonde yakishuka, na angekuwa anafundisha mtu mwingine angesema hata kipofu anauona mwelekeo huo. Bonde la watatu likavunjwa. Akasema watatu nao ni wachache, linataka majirani watano. Watano walikuwa na faida moja kubwa: ili ujue kama bonde jipya limezaliwa au la, lazima usubiri siku tano nzima, na katika siku hizo tano hakuna anayeweza kukuambia umekosea. Akasubiri. Akawa mtu wa kusubiri. Asubuhi alifungua saluni akiwa anasubiri, usiku alifunga akiwa anasubiri, na chakula kikawa hakina ladha. Kutoka hakuweza, maana kutoka kungekuwa kumwambia dada. Kukaa hakuweza, maana kila siku iliondoka na kipande cha nyumba. Alibaki katikati, mgongo ukutani, mashine mkononi.

Mstari ukashuka hadi kwenye kidevu cha dada.

"Kiti hiki kitanifikisha darini," dada akawaambia wateja, naye akafurahi kwa dhati.

Fundi wa kuchomelea hakucheka. Alisubiri dada atoke, akamsogelea kinyozi.

"Mishumaa, mimi kiti kile nakijua. Ulikataa nisikichomelee mwaka juzi. Hakijapanda hata unywele."

"Wewe nyamaza tu, ndugu yangu."

"Sheria yako inasema usiulize, basi siulizi. Ila yule ni dada yako, si mteja wako."

Kinyozi alijikaza kisabuni. Kesho yake alifuta chati yote, akachora nyingine ambayo kila mshumaa ulikuwa wiki nzima badala ya siku. Ukitazama kwa wiki, anguko lote lile lilionekana vijiti vichache tu vilivyoinamisha vichwa baada ya safari ndefu ya kupanda. Bonde la mwisho la kiwiki lilikuwa chini huko, la miezi mingi iliyopita. Akachora mstari. Alipojiketisha mwenyewe kwenye kiti kibovu kuujaribu, ulimpita shingoni, na akakaa hapo muda, hawezi kuinuka, maji yamemfika pale pale palipochorwa.

Alijua hesabu ya hilo. Bei ikifika kwenye mstari ule, mfuko utakuwa umekwisha zamani. Mlango wa kutokea alikuwa ameuhamishia mahali ambapo hakuna mtu angefika akiwa mzima.

Katika wiki hiyo dada alimwambia mwenye chumba alichopanga kwamba mwisho wa mwezi anahama. Alimweleza mdogo wake habari hiyo kwa furaha, akihesabu vidoleni vitu vya kufunga: kitanda, jiko, sufuria, pazia. Pazia lilikuwa limeshashonwa, limepigwa pasi, limekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni ili lisiingie vumbi la saluni. Mishumaa alisema vizuri, dada. Usiku ule hakupata usingizi, na asubuhi alimnyoa mtu upande mmoja akamwambia inatosha.

Kisha ikaja alasiri ya wale wanawake wawili.

Walikuwa wenzake dada wa kufua, waliostaafu naye siku moja, mmoja mnene wa kucheka hovyo, mwingine mwembamba aliyebana mkoba wake kwapani. Dada aliwaingiza kama mtu anayeonyesha wageni nyumba yake. Yule mwembamba akaketishwa kwenye kiti kibovu, na dada akasimama mbele ya kioo, kipande cha sabuni mkononi.

"Hivi ni vilele. Haya ni mabonde. Bei inapanda, inapumua, inapanda tena. Huu mstari ndio mlango. Tukiuvunja tu, mdogo wangu anatutoa."

"Na hizi za mwisho mbona zinashuka?" akauliza yule mnene. "Mimi naona mteremko."

"Hayo si mabonde, hivyo ni vishimo," akajibu dada, kwa sauti ile ile, kwa maneno yale yale aliyokuwa akiyasikia kila siku. "Bonde la kweli lina majirani wengi. Mtu asiyejua ndiye anayetishwa na vishimo."

Mishumaa alikuwa amesimama nyuma ya fundi wa kuchomelea, mashine inalia mkononi bila kunyoa kitu. Alikuwa amejiambia maneno yale, na kuwaambia wateja, miezi yote, kichwani mwake yakawa na sura ya elimu. Kutoka kinywani mwa dada yalikuwa uongo mtupu, na dada aliyasema huku akitabasamu, akimwangalia yeye kama mama anayemwangalia mtoto aliyefaulu mtihani.

Yule mwembamba akafungua mkoba.

"Mwenzetu ametuambia habari ya nyumba yake," akamwambia kinyozi kwa adabu. "Na sisi viinua mgongo vyetu vimelala tu. Tuingize vyote, au nusu kwanza?"

Fundi alimtazama Mishumaa kupitia upande safi wa kioo.

Kinyozi akazima mashine.

"Mama, funga mkoba wako," akasema. "Tafadhali. Ufunge."

Alichukua taulo, akalilowesha, akafuta kioo chote cha upande wa kulia. Ilichukua muda, maana sabuni iliyokauka haitoki upesi. Kisha akachukua kipande cha sabuni mkononi mwa dada na kuanza kuchora upya mishumaa ya siku, mmoja mmoja, kwa kichwa, maana ilikuwa imemkaa kichwani yote. Alichora bonde lenye majirani wawili wawili. Akachora mstari chini yake, pale pale ulipokuwa mwanzo. Kisha akaendelea kuchora chini ya mstari, chini, chini zaidi, mpaka ukingo wa kioo ukamwishia, na mishumaa ya mwisho akaichorea ukutani.

"Lilivunjwa hapa," akasema, bado ameupa chumba mgongo. "Siku ile uliponishikisha pazia. Nilikuwa na simu mkononi. Nikaona uso wako nikashindwa. Baada ya hapo nimekuwa nikibadilisha maana ya bonde kila linapovunjwa. Hakuna mwelekeo wa kupanda, dada. Umekufa muda mrefu. Pesa yako imebaki chini ya nusu."

Yule mnene alishika mdomo. Yule mwembamba akainuka polepole kwenye kiti, mkoba kifuani, na dada akaketi mahali pake. Alijitazama kiooni. Mstari ulikuwa umerudi kwenye paji la uso wake, palepale, na kiti kilikuwa kile kile.

"Kwa hiyo kiti hakikupanda," akasema.

"Hakikupanda, dada."

Kinyozi alitoa simu, akabonyeza kitufe mbele yao wote, akatoka kwenye ile biashara. Yaliyofuata huko kwenye bei, kama ilipanda kesho yake au ilizidi kuanguka, msiniulize. Fundi wa kuchomelea alijaribu kuuliza akajibiwa kwa spiriti, kichwa kizima, bila onyo.

Mwisho wa mwezi mwenye chumba alishapata mpangaji mwingine, na ile nyumba yenye dirisha refu akainunua mtu mwenye haraka. Dada hakuwa na pa kwenda ila nyuma ya saluni, kwenye chumba kimoja cha mdogo wake, chenye kitanda, ndoo, na dirisha la kupitisha mkono. Mishumaa alimwachia kitanda, yeye akatandika godoro sakafuni. Usiku wa kwanza hakuna aliyejua aelekeze macho wapi. Usiku wa pili dada akafungua mfuko wa nailoni, akatoa pazia la majani ya kijani, akafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, akalitundika katikati ya chumba. Dari ilikuwa fupi. Pazia likajirundika sakafuni, likameza viatu vya kinyozi na nusu ya godoro lake.

Alitamani dada amtukane. Alikuwa amelingoja hilo tusi tangu siku ile, angelipokea kama mvua. Dada alimwamkia, alimpikia, alimuuliza leo amepata wateja wangapi, na kila swali la kawaida lilimkaba. Chumba kilikuwa kidogo, hata kupumua kwake kuliishia kwenye pazia.

Jioni ya tatu alimkuta dada ameketi kitandani, upindo wa pazia mapajani, sindano mkononi. Kinyozi akachukua mkasi wake wa kazi, ule mzuri asiomwazima mtu, akamnyooshea.

"Chukua, dada. Likate, litakusumbua miguuni."

Dada hakuupokea.

"Silikati," akasema. "Nalikunja tu." Akapitisha uzi, akauvuta taratibu. "Dirisha lile lilikuwa refu, mdogo wangu."